Chumba cha Wasiookoka

Sauti ninayoikumbuka kwanza kutoka nyumbani kwetu mtaa wa Katoyi si ya mtu wala ya mnyama. Ni ya kisanduku cha chuma kilichokaa juu ya kabati, ambacho kazi yake ilikuwa kuutuliza umeme kabla haujaifikia televisheni. Papa alikiita stabilizateur. Sisi watoto tulifupisha jina likawa stabi. Umeme ulipopanda au kushuka, stabi ililia tak, tak-tak, kama bibi anayepiga kidoko kwa jambo lisilompendeza. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ya lava iliyoshuka kutoka mlima Nyiragongo kabla sijazaliwa. Wakubwa walisema kwamba chini ya sebule yetu kulikuwa na sebule nyingine, ya familia nyingine, iliyofunikwa na lava hiyo. Walilisema jambo hilo bila kushusha sauti, kama vile mtu anavyotaja mahali pa kisima. Mtoto aliyelelewa juu ya nyumba iliyozikwa hahitaji kushawishiwa kwamba ulimwengu una vyumba vilivyofichwa.

Msimu ninaousimulia ni ule wa mvua za mwisho wa mwaka, mwaka ambao waasi walikuwa wakishuka kutoka Rutshuru na kila wiki redio ilitaja kijiji kilicho karibu zaidi nasi kuliko cha wiki iliyopita. Dodo, mtoto wa mdogo wake Mama, alifika kwetu wakati huo. Mama yake alikuwa amebaki na kitoto mgongoni katika kambi ya wakimbizi huko Kibati, akamtuma kwetu apate kulala chini ya bati. Alikuja na shati moja la ziada na, ndani ya shati hilo, santuri ya mchezo wa video wa kutisha. Ilikuwa ya kaka yake Patrick. Patrick alikuwa amekwenda shambani kuchukua maharage, na watu wenye silaha wakamkamata awabebee mizigo. Tangu siku hiyo hapakuwa na habari yake. Kabla ya hapo alikuwa amemwambia Dodo jambo moja: kwamba mwishoni mwa mchezo ule kuna chumba cha siri, na kwamba yeye amekiona kwa macho yake. Watoto wa kwao Rutshuru walikuwa wamemcheka. Sasa kwa kuwa Patrick hakuwepo kujitetea, Dodo alikuwa amejitwika kazi hiyo. Alitaka kukifikia chumba, basi, ili neno la kaka yake lisimame.

Mashine ya kuuchezea tulikuwa nayo. Papa aliipata kwa mwenzake wa kazini, kuukuu, yenye kifuniko kilichofungwa kwa mpira. Mchezo ulikuwa wa pili katika mfululizo wa mitatu, na habari zake zilizunguka mitaani kama habari za ukoo. Mtu mmoja tu, asiye na silaha ya maana, anatembea katika hoteli kubwa iliyoachwa milimani, akikwepa mbwa na viumbe wenye nyuso zisizo na midomo. Nje ya madirisha vilidondoka vitu vyeupe bila kukoma. Miaka mingi baadaye nilielewa kwamba ilikuwa theluji. Sisi tulijua kwa hakika kuwa ni jivu: mlima ulikuwa umelipuka, wenye akili walikimbia, na viumbe wale ni wageni waliokataa kuhama. Hakuna aliyetufundisha maelezo hayo, na hakuna aliyeyatilia shaka. Tulijua pia siri ndogondogo za mfululizo ule. Ukiigonga kengele ya mapokezi mara nyingi mno, sauti ya mtu aliyechoka hujibu kutoka chini ya sakafu. Picha ya mwanamke ukutani huwa imefumba macho ukirudi bila taa. Na jikoni, nyuma ya magunia, kuna mwanasesere mwekundu ambaye, kwa mujibu wa wajuao, amefichwa mahali fulani katika kila mmoja wa michezo mitatu.

Hapa ni lazima nieleze neno. Ndani ya hoteli ile palikuwa na vyumba vichache vyenye taa ya mafuta, ambamo viumbe hawakuingia. Ukifika kwenye taa, mchezo ulikuuliza kwa Kifaransa kama unataka kuhifadhi ulipofikia, ili ukifa uanzie hapo. Neno lao la Kifaransa lilianza kama lile la kuokoa, nasi tulikuwa watoto wa shule ya Jumapili. Kwetu, basi, kuhifadhi mchezo kukawa kuokoka. "Okoka kwanza!" tulimpigia kelele mchezaji aliyejeruhiwa. "Umeokoka?" tulimuuliza aliyeinuka kwenda kula. Na sharti la Patrick lilihusu neno hilo hilo. Chumba cha siri, alisema, humfungukia tu yule anayetoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho bila kuokoka hata mara moja.

Katika mji wenye umeme wa uhakika, sharti hilo lingekuwa suala la ustadi. Katoyi lilikuwa suala la majirani. Nyumba zote za uani kwetu zilining'inia kwenye waya mmoja, na yeyote aliyechomeka resho ya kupikia aliuangusha mstari mzima. Dodo alianza upya mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Alifika bustanini, kuran, yaani umeme, ikapotea. Alifika ghala la mvinyo, mtu akachemsha chai. Héritier, mtoto wa jirani aliyekuja kila siku kutazama, hakumhurumia.

"Patrick yako njo muongo namba moja wa Rutshuru," alisema. "Chumba hakuna."

"Weye utajua wapi?" Dodo alimjibu bila kugeuka. "Weye mbwa ya kwanza tu inakukulaka."

Alasiri moja Mama alipita mlangoni na kumsikia Dodo akitamka, kwa sauti ya mtu anayekula kiapo: "Miye sitaokoka. Mupaka mwisho, sitaokoka." Mama alikuwa mtu wa kikundi cha maombi. Kesho yake alirudi na Mama Jeanine, kiongozi wa kikundi, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti iliyotosha kanisa bila kipaza sauti. Mama Jeanine aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha Dodo, ambaye bado alikuwa ameshika maneti, kidude cha kuendeshea mchezo, na hakuthubutu kuiachia, kwa kuwa kiumbe kilikuwa ngazini.

"Baba wa mbinguni, fungua hii moyo!" alianza Mama Jeanine.

"Mama, ngoja kidogo, iko inashuka," Dodo aliomba.

"Inashuka, amen! Iache ishuke!"

Mama alipiga magoti mbele yake. "Dodo, mutoto yangu. Nani alikufundisha kukataa kuokoka?"

"Patrick, mama mukubwa."

"Patrick alisema nini?"

"Anasema ule mwenye kuokoka, hata mara moja, mulango inamufungikia."

"Na yeye Patrick, hakuokoka?"

"Hapana. Miye pia sitaki. Nikiokoka, nitakuwa nimemuacha."

Nilimwona Mama akikaa sakafuni taratibu, kama mtu aliyepokea barua ya msiba. Alikuwa ameelewa kwamba Patrick amekufa bila wokovu, kwamba mdogo wake kule Kibati ana habari hiyo, na kwamba mtoto huyu ameikataa mbingu kwa makusudi ili wasitengane. Machozi yalimtoka bila sauti. Mimi, niliyekuwa nimekaa kando ya kabati, nilihitaji muda kujua kinachoendelea. Kisha nikasema kwamba si Yesu anayekataliwa, ni mashine.

"Mashine inaokokaka namna gani?" Mama aliuliza.

Nilieleza taa, hoteli, chumba. Mama Jeanine aliondoa mikono yake kichwani kwa Dodo, akaitazama kana kwamba ilitumika vibaya. "Basi ile mashine ya kusaga ya bwana yangu njo ingehitaji kuokoka," alisema, na akacheka hadi akashika ukuta. Mama hakucheka. Alimuuliza Dodo kama ni kweli Patrick alisema chumba kipo. Dodo akasema ni kweli. Mama akafuta uso kwa kitenge, akatoka, na kupitia nyumba moja baada ya nyingine kwenye ua. Nilimfuata. Kila mlangoni alisema maneno yale yale: "Siku ya posho musichomeke resho. Kila mutu apike na makala."

"Kuna nini, Mama Sifa?" walimuuliza.

"Mutoto iko na safari," alijibu, wala hakufafanua.

Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata, walisema wahenga. Hawakusema kwamba mara nyingine ua mzima huchoka pamoja naye. Jumamosi ile, ndiyo siku ya posho, moshi wa makaa ulijaa kati ya nyumba, na hakuna resho iliyochomekwa. Asubuhi bunduki kubwa zilianza kulia upande wa kaskazini. Watu walipita barabarani na magodoro vichwani. Mama alifunga vitu vyetu katika shuka, akaviweka karibu na mlango, kisha akasimama kando ya stabi akiwa ameweka kiganja juu yake, kama anayepima homa. Dodo alicheza. Sikuona ushujaa wowote usoni mwake; nilichokiona kilifanana na uangalifu wa mtu anayevuka mto kwa mawe.

Kabla ya adhuhuri mama yake Dodo aliingia, mtoto mgongoni, miguu ikiwa myeusi kwa vumbi la lava. Kambi ya Kibati ilikuwa imetawanyika. Alifungua kinywa kusema, na Mama akamshika mkono. "Kaa kwanza, mudogo wangu. Dodo iko karibu kufika." Akakaa. Hakuuliza kufika wapi. Tulikaa wanawake wawili, kitoto, Héritier aliyekuwa amekoma kudhihaki, na mimi, tukamtazama mtu asiye na silaha akitoka katika hoteli, akishuka mlima katika jivu, hadi kioo kikawa cheusi. Majina ya Kijapani yalipanda kwa muda mrefu. Kisha, pale ambapo mchezo hukoma, mlango wa mbao ukatokea, na Dodo akaufungua.

Ndani hapakuwa na kiumbe. Palikuwa na ofisi ndogo yenye meza zilizobanana, nyaya, vikombe, sahani ya chakula kisichomalizwa. Ukutani ilitundikwa picha ya watu walioitengeneza hofu ile yote: vijana wenye macho ya kukosa usingizi, wakicheka, na mwanamke mmoja alikuwa ameupakata uso ule usio na mdomo, barakoa tupu, kama mtu aliyepakata kikapu. Chini yake paliandikwa kwa Kifaransa: asante kwa kututafuta.

Mama yake Dodo aliitazama picha kwa muda. "Hawa njo banatengenezaka yale mashetani?"

"Njo bo, mama," Dodo alijibu; ndio wao.

"Basi bo banaonyesha sura," alisema.

Dodo aliweka maneti chini. "Patrick si muongo," alisema, akimtazama Héritier. Héritier akakubali kwa kichwa. Mama yake Dodo akajibu, "Patrick hadanganyake." Kisha Dodo akaizima mashine mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na cha kuhifadhi, na kila mmoja wetu akabeba mzigo wake kuelekea kwa ndugu wa Papa, ng'ambo ya Katindo. Siku zilizofuata mji ulibadilisha wenyewe: waasi wakauchukua, kisha ukawarudia wa kwanza. Wakati wote huo tulikuwa chini ya vitanda, na hakuna mengi ya kusimulia.

Mlima ulipopasuka tena nilikuwa chuo kikuu, nikisoma sheria, na lava ilisimama kabla ya kutufikia. Tangu hapo waasi wamerudi, na mji umebadilisha mikono mara nyingine. Leo kazi yangu ni kusikiliza watu waliopotelewa na ndugu na kuandika wanachosema. Nikiwauliza nani amefanya hivi, wengi hujibu kwa neno moja: bale, yaani wale. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hofu ya mji huu nayo ina mafundi, wenye meza na vikombe na majina. Nimesoma ripoti nyingi kuliko umri wangu unavyostahili, na bado sijafunguliwa mlango wa ofisi yao. Naamini upo. Sina sababu bora kuliko hiyo ya kuamka asubuhi.

Hivi karibuni niliona video ya kijana wa nchi ya mbali aliyekusanya siri zote za mfululizo ule: kengele, picha, mwanasesere. Alipofika kwenye chumba cha watengenezaji alieleza, kama jambo dogo, kwamba humfungukia kila anayemaliza mchezo. Ukihifadhi au usihifadhi, ni sawa. Sharti halikuwapo kamwe; Patrick alilitunga. Nilikaa na habari hiyo siku kadhaa nikijiuliza kama nina haki ya kuipeleka. Mwishowe nilikwenda kwa Dodo, ambaye sasa anatengeneza simu karibu na soko, nikamwonyesha.

Alitazama hadi mwisho. Akarudisha nyuma, akatazama tena. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfariji, yaliyopangwa vizuri, na sikuyatumia, kwa sababu Dodo alianza kucheka. Alicheka hadi wateja wakageuka. "Sifa, umeona ile kitu? Miaka yote!" Akapangusa macho kwa nyuma ya mkono. "Ule mutu alikuwa muongo! Patrick alikuwa muongo, kabisa!"

Tangu alipofika kwetu na shati lile sikuwahi kumsikia akimsema kaka yake kwa wakati uliopita. Ilikuwa siku zote Patrick iko, Patrick anasema, Patrick anapenda. Hata mimi, ninayeandika neno "alikuwa" kwa kazi, sikuwahi kulitumia mbele yake. Alilisema sasa akicheka, mbele ya watu, na alipolisikia mwenyewe aliacha kucheka. Kisha akalisema tena, polepole. Mteja mmoja akauliza Patrick ni nani. Dodo akamsogezea kiti, akaanza kumweleza.