Mguu wa Filemoni

Kuna neno moja Damari hakumsamehe nalo wifi yake Esnath: Tunduma. Filemoni, mume wa Damari, alipotea msimu wa mvua kubwa, mifereji imefurika. Damari hata tope la kumtafuta halijamkauka miguuni, Esnath akasimama nje ya kanisa pale Madibira akatangaza, "Kaka yangu yuko Tunduma kwa mwanamke mwingine. Mdomo wa Damari nani angeuvumilia?" Watu wakacheka. Wanakwaya nao wakacheka, na majoho yao meupe mabegani.

Tangu hapo Damari akawa si mke, si mjane. Msibani akikaa na wajane, wanasogea pembeni. Harusini akipewa sahani, anapewa na jicho. Na aibu mbaya zaidi ilikuwa ya ndani: hata yeye aliamini. Koti la Jumapili la Filemoni akawatandikia kuku watagie. Kila mvua ikinyesha alimwapiza, huko Tunduma bati limvujie kichwani.

Halafu mwaka huu wakazibua mfereji mkubwa wa mashamba ya mpunga. Koleo likatoa mifupa ya mtu, imegandamana na tope jeusi. Polisi wakaita familia. Esnath akauangalia mguu, akatema mate pembeni.

"Si yeye huyu. Kaka alivunjika muundi, ukaunga na nundu. Huu umenyooka kama mpini."

"Tope hilo limejaza, wifi."

"Tope lako wewe! Unataka kuzika mume wa watu ili uitwe mjane?"

Mifupa ikapelekwa hospitali Mbeya. Damari akaifuata, akafikia kwa binamu yake, mtaa wa Ilomba, kila asubuhi yuko mlangoni kwa daktari. Daktari mwenyewe msichana tu, Yudith jina lake, kasomea mifupa ya waliokufa. Kumbe kailoweka kwenye ndoo, maji matupu ya uvuguvugu. Anamwaga, anaweka mengine, analoweka tena. Damari, mwanamke ambaye kwenye sufuria zake unajiona mpaka meno, akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, hapa hamna Jiki? Nipe na stilwaya nisugue mwenyewe, sasa hivi tumemaliza."

"Jiki inakula mfupa, mama. Na hiyo stilwaya inachora. Kesho nitauona mkwaruzo wako nidhani kuna mtu alimkata kisu, polisi waje wakukamate."

"Basi chemsha."

"Mfupa wa zamani ukiuchemsha unalegea. Tope tuliache litoke lenyewe."

Tope lilipolainika, Yudith akachukua mswaki laini, ule wa watoto. Akapitisha polepole, kila tundu, kila pindo, halafu akaanika kivulini juu ya wavu, maana juani mfupa unapasuka. Damari alichungulia dirishani. Mtu ambaye yeye alimwapiza miaka yote anaoshwa kama kichanga, na anayemwosha hata hamjui. Akajifunika uso kwa kanga.

Mifupa ilipokauka, Yudith akawaita wote wawili. Umri unalingana, akasema, na urefu pia. Akaweka muundi mezani. Nundu hiyo hapo, kama fundo la muwa.

"Nani anajua alivunjikaje?"

Esnath akatazama sakafu. "Alianguka kutoka juu ya nyumba yangu. Alikuwa ananipigilia bati."

"Na Tunduma alikwendaje," Damari akauliza, "huku amelala mferejini?"

Esnath akatoka nje.

Damari akarudi Madibira akalitoa koti kwenye banda la kuku. Akaliloweka maji matupu, akalipitishia mswaki taratibu. Doa la yai halikutoka lote. Siku ya maziko akaliweka jenezani mwenyewe, upande wa doa akaugeuzia chini watu wasione. Yeye aliliona.

Esnath akamfuata akainama sikioni. "Nisamehe, wifi."

"Mbona unanong'ona? Lile la Tunduma ulinong'ona?"

Basi Esnath akaenda kusimama palepale nje ya kanisa, akasema kwa sauti kwamba alimzushia kaka yake uongo, na kwamba alimvua heshima mke wa kaka yake. Akasema mpaka la bati. Mara hii hakuna aliyecheka. Wanakwaya walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Damari hakusema amesamehe, maana hakusamehe. Akaenda kukaa kwenye mkeka wa mjane, wanawake wakampisha katikati, akaanza kumlilia mumewe.