Mal-sun na Sikio Lililobaki

Saa mbili kasoro asubuhi, kabla mashine hazijawashwa katika karakana ya vipande vya meli kisiwani Geoje, Pyo Mal-sun amemshika sikio mwanamume mzima kama mama anayemtia mtoto adabu.

"Livute juu, nyuma kidogo. Sasa ingiza kizibo, ushikilie," anamwambia. "We Seok-jun, unaziba chupa ya soju au sikio?"

Wenzake wanacheka. Mal-sun hacheki.

Ana miaka hamsini na miwili, fundi wa grenda, mashine ya kusagia chuma. Sikio lake la kushoto halishiki tena sauti nyembamba. La kulia limeanza kufuata, na daktari amemwonya: likishuka tena kwenye kipimo cha vuli, ataondolewa kwenye grenda akafagie, kwa karibu nusu ya mshahara. Kinachomuuma zaidi ni simu za mama yake, bibi wa miaka tisini kule Namhae, anayeongea kwa sauti ya chini.

"Watu wanadhani nilikuwa mzembe," anasema. "Nilivaa vizibo kila siku. Nilivivaa vibaya kila siku. Nani aliniambia?"

Mafunzo yalikuwepo. Watu sitini huwekwa mbele ya video, nusu wakasinzia, wote wakatia saini. Mwaka huu ndipo muuguzi mpya alipompima akiwa amevaa vizibo vyake, na ikaonekana vilipunguza kelele kwa desibeli saba tu. Akamfundisha ana kwa ana: viringisha sponji ya kizibo iwe nyembamba, vuta sikio, shikilia mpaka ivimbe ndani. Akapimwa tena: ishirini na sita.

Tangu hapo anawafundisha wenzake, nao wanamchosha. Wanajua vizuri, lakini grenda zikianza kulia, kila mmoja analegeza kizibo kimoja, asije Bwana Eom, msimamizi, akamwita akakosa kuitika. Kumnyamazia mkubwa ni aibu ya leo. Uziwi ni wa baadaye.

Mal-sun alimfuata Eom ofisini, akamwomba awaite watu kwa tochi, au awaguse bega. Eom akajibu kwamba amewaita watu kwa mdomo maisha yake yote. Alijibu kwa kupiga kelele, na kati yao palikuwa na vikombe viwili vya kahawa tu.

"Bosi, mbona niko hapa hapa," Mal-sun alimwambia kwa upole.

Eom akamuuliza amesemaje.

Alhamisi kikosi kizima kitapimwa masikio, na safari hii Mal-sun amemwomba muuguzi aanze na msimamizi.

"Akijua amebakiwa na nini, labda atanielewa," anasema, akivuta sikio lake la kulia na kusukuma kizibo ndani. "Asiponielewa, basi. Hiki sikilegezi. Aite mpaka achoke, aje anishike bega."