Nigaie Moto, Mwanangu

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Ukitaka kuamini, amini. Ukitaka kusema mama huyu amechanganyikiwa, sema, wala hutakuwa wa kwanza, maana mawifi zangu wameshasema na majirani wamesikia. Lakini shahidi wangu yuko hapa hapa nyumbani, Makorora. Amekaa barazani, juani, mchana kweupe, kavaa sweta mbili na kofia ya sufu, na joto la Tanga unalijua. Huyo ni mume wangu, Bakari. Nilipanda naye mlimani akiwa mzima, nikashuka naye akiwa hivyo.

Bakari alikuwa fundi wa mafriji. Friza iliyowashinda wenzake yeye alikuwa akiinamia tu, anaisikiliza inavyonguruma, anakwambia kilichokufa. Watu walimjua kuanzia hapa mpaka Raskazone. Na alikuwa mtu wa maneno. Nikilalamika kwamba asubuhi kuna kibaridi, ananiambia, "Mke wangu, mimi baridi ndiyo inanilisha. Itanifanya nini?" Nilikuwa nikicheka kila mara. Siku hizi nikilikumbuka neno hilo natafuta kazi ya kufanya.

Safari yenyewe ilianzia kwenye hiyo hiyo kazi yake. Kuna mteja wake alikuwa na kambi ya wageni msituni, kule juu, ukishaiacha Muheza. Friza ya kambi iligoma, akamwomba Bakari apande akaitazame, na kama shukrani aje na mama watoto, walale kwenye hema kama wageni. Mimi hema nilikuwa naliona kwenye simu za watu tu. Nilifurahi kama msichana. Ilikuwa mwezi wa saba, kipupwe chenyewe. Binti yetu Zuhura tukamwacha Pongwe kwa bibi yake, tukaendelea na safari.

Sasa nikuulize, mtu wa pwani anajua nini habari za baridi? Nilifungasha kanga, vikoi viwili na blanketi jembamba la kujifunikia wakati wa mvua. Na jiko langu la mkaa. Hilo sikuliacha, maana mimi chai ya mkono wa mtu mwingine hainishuki asubuhi. Bakari alinitania njia nzima, eti tunahama au tunatembea. Nilipanda nalo mlima nimelipakata. Heri lingenidondoka njiani likavunjika.

Tulipokewa na msimamizi wa kambi, Mshambaa mmoja aitwaye Semkiwa, mtu mpole wa makamo. Akatuonyesha hema letu, akatupa mablanketi mawili mazito, na nje akatuwashia moto wa kuni. Akasema, "Shemeji, moto wetu ndio huu wa nje. Oteni mpaka mridhike, halafu mkalale." Hakusema zaidi na sisi hatukuuliza. Tuliuota moto ule tukala wali na maharage, Bakari akasimulia jinsi friza ilivyomsumbua, tukacheka sana. Kuni zilipoisha Semkiwa akaenda zake kulala kwenye banda la jikoni, nasi tukaingia hemani.

Niamini, baridi ya mlimani haishuki kutoka juu. Inapanda kutoka chini, kwenye udongo, inapita kwenye godoro, inakushika mgongo, kisha inakaa. Nilivaa kila nilichobeba. Nikajifunga kanga kichwani, nikajifunika gubigubi, wapi. Bakari naye, huyo fundi wa baridi, meno yanagongana. Nikamcheka. Akasema, "Cheka, halafu kachukue jiko."

"Humu ndani?" nikamuuliza.

"Kwani ulipomzaa Zuhura ulilala wapi?"

Ni kweli. Kwetu mwanamke akijifungua hulala na moto. Arobaini yangu yote nilikuwa kwa mama, juu ya kitanda cha kamba, jiko la mkaa limewekwa uvunguni, usiku na mchana, mama anatia na ubani. Sikufa mimi wala hakufa mtoto. Nani angeniambia kwamba nyumba ya mama, na makuti yake na madirisha yake yasiyofungika, ilikuwa inapumua kwa niaba yetu? Nikatoka, nikaliwasha jiko, makaa yalipokolea moto nikaliingiza hemani, tukafunga zipu.

Lilikuwa joto tamu, siwezi kusema uongo. Tulilala tumekumbatiana, tunazungumza kama maharusi. Kichwa kilianza kunigonga kidogo, nikasema ni uchovu wa safari.

Ndipo nikasikia, "Hodi."

Sauti ya mwanamke, mtu mzima. Nikafungua zipu nusu. Alikuwa bibi mfupi, amejitanda kaniki, mkononi ameshika kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, kama wanawake wa zamani walivyokuwa wakiendea moto kwa jirani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akasema, "Nigaie moto, mwanangu. Makaa mawili tu."

Nikadhani ni jamaa wa Semkiwa. Nikachukua koleo, nikampa makaa mawili kwenye kigae. Nilipokuwa nampa niliona kitu ambacho sikukitilia maanani wakati ule. Mimi nikipumua, mvuke ulinitoka mdomoni kama birika. Yeye aliongea nami uso kwa uso na hakutokwa na kitu. Akaondoka, nikafunga.

Haukupita muda akarudi. Hodi tena, moto tena. Nikampa tena, mengi kuliko mwanzo. Kila nilipofungua kile kizipu upepo uliingia, na kichwa kikawa chepesi kidogo, lakini mwili ukaona baridi tu, haukuona lingine. Bakari akaanza kunung'unika. Alisema mama yake hakuwa anatoa moto nje baada ya magharibi, wala chumvi, na kwamba mtu anayeomba moto usiku huna habari unampa nini kingine pamoja nao. Hilo nami nimelelewa nalo. Nyumba nyingi za kwetu huku ndivyo zilivyo. Akaongeza mkaa jikoni ule moto ushike upya, akajilaza.

Bibi akaja tena. Safari hii hakunyoosha kigae. Alisema, "Nigaie wote, mwanangu. Na jiko lenyewe."

Kabla sijafungua mdomo Bakari alijibu kutoka ndani, "Bibi, moto umekwisha. Tuache tulale."

Moto haukuwa umekwisha, ulikuwa unamulika hema zima kwa wekundu. Yule bibi hakubishana. Alisimama pale pale, namwona kwenye upenyo wa zipu, kisha akasema taratibu, "Basi toka wewe, mwanangu."

Hakunitisha, na hilo ndilo linaloniuma. Angenitisha ningempigia Semkiwa kelele. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayebembeleza. Nikaona haya, mtu wa umri ule kunyimwa moto kwenye baridi ile. Nikasema nitamsindikiza mpaka jikoni kwa Semkiwa apate kuni. Nikatoka. Bakari akaniambia, "Mama Zuhura, funga nyuma yako, joto linatoka."

Nikafunga. Nilivuta zipu mpaka mwisho, nikahakikisha haikuacha upenyo. Mkono wangu huu.

Bibi alishatangulia, na hakuelekea jikoni. Nilimfuata huku namwita, "Bibi, njia ni huku," lakini miguu haikuwa yangu. Ilikuwa kama ya mtu aliyelewa. Nikatapika kando ya njia. Hewa ya nje ilinipiga kifuani, nikawa naimeza kama maji. Tukafika mahali penye msingi wa nyumba ya zamani, mawe yameota kuvu, na katikati mafiga matatu. Nikakaa chini. Nilikaa nikipumzika, nasema kweli, kwa sababu hewa ilikuwa tamu na kichwa kilikuwa kinanifunguka. Sijui nilikaa kiasi gani. Muda ule nimeutafuta kila siku tangu hapo, niurudishe.

Macho yalipozoea giza nikayaona makaa yangu. Yote niliyompa yalikuwa yamepangwa kwenye yale mafiga, safu moja, meusi. Nikagusa moja. Lilikuwa baridi, kama halijapata kuwaka.

"Bibi," nikasema, "mbona umeyazima?"

Akanitazama. Alikuwa analia, bila sauti. Akasema, "Niliyaomba niyazime. Limebaki lile jiko."

Nikaikumbuka zipu niliyoifunga. Nikainuka nikakimbia, nikaanguka, nikainuka, naita jina la mume wangu na la Semkiwa kwa pamoja. Semkiwa alinikuta karibu na hema akiwa na tochi. Nilishindwa kufungua zipu, akaikata kwa panga. Tukamvuta Bakari nje kwa miguu. Uso wake ulikuwa na wekundu wa ajabu kama mtu mwenye afya, na pumzi ilikuwa inakuja mara moja moja. Jiko lilikuwa linawaka vizuri kabisa.

Tulimkimbiza hospitali na gari la kambi. Njiani Semkiwa aliniuliza ilikuwaje nikawa nje. Nikamweleza habari za bibi. Akauliza, "Alishika kigae?" Nikasema ndiyo. Akaniambia kwamba zamani za wazee wao pale palikuwa na nyumba za vibarua wa shamba, na mama mmoja alifiwa na wanawe wawili usiku wa baridi. Aliwafungia ndani na moto wa mkaa wapate joto, yeye akaenda kumwuguza jirani. "Sikuwahi kumwona," alisema, "lakini moto wa ndani kule hatuwashi." Kwa nini hakutuambia jioni ile? Nilimuuliza. Akasema wageni wakisikia hadithi hizo hucheka. Sikumlaumu, maana tungecheka kweli.

Daktari alieleza yake. Mkaa una hewa mbaya isiyo na harufu wala moshi, chumba kikifungwa inakulaza taratibu, na mimi nimepona kwa kuwa nilitoka. Akaniuliza kilichonitoa. Nikamwambia nilikwenda haja. Ungemwambia nini wewe?

Bakari aliamka baada ya siku kadhaa. Alinitambua, namshukuru Mungu, na Zuhura alimtambua. Lakini mikono inamtetemeka, bisibisi haishiki. Majina ya vitu yanampotea. Ukimwekea friji mbele yake anaigusa, anakwambia ni ya baridi, basi. Na yeye mwenyewe haoti joto likamwingia. Mwezi wa pili, watu wanalala nje wanajipepea, yeye anajifunika mablanketi.

Hayo daktari anayaeleza, mishipa ya kichwa imeumia, sawa. Sasa hili jingine naomba anayeweza anielezee.

Tuliporudi, jioni moja nilisikia chungu kimevunjika uani. Bakari akaokota kipande kimoja kikubwa, akakifuta kwa mkono, akatoka nacho. Nilimfuata. Alisimama mlangoni kwa jirani, akabisha hodi, akakinyoosha kile kipande. "Nigaie moto, mwanangu," alimwambia yule mama, ambaye ni mkubwa kwake kwa umri. "Makaa mawili tu."

Bakari hakutoka hemani usiku ule. Hakumwona bibi na hakuona ameshika nini, na mimi habari ya kigae sijamwambia mpaka leo.

Anakwenda kila jioni. Siku hizi wengi wanapikia gesi, lakini wenye mkaa wanampa, wameshamzoea, na watoto wa mtaani wanamwita Baba Moto. Akirudi anayapanga yale makaa uani, safu moja, anachuchumaa mbele yake mpaka yote yazimike. Haoti. Mikono anaiweka mapajani. La mwisho likishakuwa jeusi ndipo anaingia ndani na kukubali kula.

Nakuambia wewe unayepanga kwenda kulala mlimani kipupwe hiki. Chukua soksi, chukua mablanketi, tandika majani makavu chini ya godoro, jifunge chupa ya maji ya moto tumboni, na jiko liache nje hata kama meno yanagongana. Na mtu akikujia usiku akaomba moto, usimuulize ni nani. Mpe wote na jiko lake, kisha umshukuru, maana mimi sikumshukuru.

Jioni hii Bakari ameshachukua kigae chake, anatafuta ndala. Nimemfungulia mlango. Ataniambia, kama anavyoniambia kila siku, nifunge nyuma yake joto lisitoke. Nitamwitikia. Lakini mlango ule sijaufunga tangu turudi, na leo pia siufungi.