Wali Ulioungua Njia ya Kibombo

Vita vilipoukaba mji wa Kindu mwaka 2002, Émilienne alikimbilia msitu wa upande wa Kibombo pamoja na mumewe Okito, fundi baiskeli, na mdogo wake Béatrice. Siku kumi na moja walitafuna mihogo mibichi. Okito alipopata vikombe viwili vya mchele, waliwasha moto wa kuni kavu zisizotoa moshi. Émilienne akateleka sufuria, akakaa kuilinda, na usingizi ukamwangusha palepale.

Alipozinduka wali umekuwa makaa na harufu imetapakaa. Aliumwagia maji, lakini alikuwa amechelewa.

Wanaume watano wenye bunduki walitokea wakinusa, wakicheka. "Muntu gani anaunguza muchele yetu?"

Okito alisimama mbele ya wanawake. Wakampiga kwa vitako vya bunduki mpaka taya likavunjika, kisha wakammiminia risasi mbili kifuani. Béatrice alipiga kelele. Panga likamshukia mkononi, vidole vitatu vikaanguka majanini. Émilienne alimkokota wakakimbia, risasi zikichana matawi juu yao, mpaka damu ya mdogo wake ikalowesha nguo za wote wawili.

Miaka yote Émilienne aliwaambia watu kwamba moshi ndio uliowaponza. Hakusema kwamba alilala.

Siku hizi ni mpishi wa nyumba ya wageni karibu na Lualaba. Patro wake, Jules, mwenye nyumba hiyo, alipoleta mikroonde, lile sanduku la umeme la kupashia chakula, Émilienne hakuliamini. Alifunika kila sahani, akanyunyizia wali maji, akaweka dakika moja, akakoroga, akaongeza nusu, naye hakubanduka hapo. Kila jioni alichemshia humo bakuli la maji na ndimu, akafuta ndani, akaacha mlango wazi.

Jumanne moja Naomie, mwanamke wa mapokezi, alitia humo samaki mkavu, akabonyeza dakika kumi, akaenda kuzungumza kwenye simu. Harufu ya kuungua ilimkuta Émilienne uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Aliingia na mchi. Alipiga mlango wa mikroonde, kioo kikamwagika. Akapiga tena, cheche zikaruka. Naomie alipokuja kumzuia, mchi ulimshukia begani, mfupa ukalia.

"Mama Émilienne, unaniua!"

"Kimbia! Watakuja!"

Jules na dereva wake walimlaza Émilienne chini kwa nguvu, huku akiwauma mikono.

Hospitalini, Naomie akiwa amefungwa bega, Émilienne alisema yote kwa mara ya kwanza. "Ni mimi njo nililala. Ni wali yangu njo iliwaita."

Naomie alishika bega lake lililofungwa. "Bega inaniuma sana, mama. Siwezi kukusamehe leo."

"Usinisamehe. Nilitaka tu ujue."

Kesho yake Émilienne alimpigia simu Béatrice huko Punia, akarudia maneno yale yale. Mdogo wake alilia.

"Nilikuona umelala, yaya, dada yangu. Ulikuwa umechoka. Nikaona huruma kukuamsha."



Naomie alirudi kazini baada ya wiki saba, mkono wake wa kulia ukiwa bado haunyanyuki vizuri. Jules alikuwa amenunua mikroonde nyingine, wala hakumfukuza Émilienne. Naomie alifunika sahani yake kwa mkono wa kushoto, akasimama mbele ya kioo cha mikroonde.

"Dakika ngapi?" akauliza bila kugeuka.

"Moja," Émilienne akajibu.