Pombe ya Shukrani

Ngoma ya sekta ililia kabla ukungu haujaondoka Karuba, ikiwaita wanaume wakapige kura ya baraza lake. Baba alikuwa mgombea wa tatu: nyuma yake hapakuwa na chifu wala chama, ila majirani walioapa kumchagua. Mama alikuwa amekwisha kutengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, ya kuwashukuru.

Alasiri nyumba ilijaa. Walikunywa kwa mirija kutoka mtungi mmoja, wakimwita "Papa Konseye", yaani diwani, kana kwamba kiti cha baraza kilikuwa chake tayari, hadi karani alipofika akasoma hesabu mlangoni. Baba alikuwa na kura moja, yake mwenyewe.

Hakuna aliyeachia mrija. Mimi, binti yake, niliona haya hata kuinua macho.

"Na weye?" Baba alimwuliza mdogo wake.

"Sikuenda, kaka. Nilikuwa navuna maharagi. Nilisema wengine batakuchagua."

"Njo vile wote walisema," Baba alijibu, akamsogezea mtungi.

Baba mdogo hakuugusa. Aliinuka, akatoka, akaurudisha mlango polepole, kama mtu anayetoka kwa mgonjwa.