Mama Mkwe, Mgonjwa Wangu wa Majaribio

Siku ya kwanza ya staji, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, niliingia sale, yaani wodi, ya wanawake hapa Uvira nikiwa tayari mama wa mtoto mmoja. Wenzangu wote walikuwa wasichana. Mkuu wa sale, mwanamke mrefu asiyependa kelele, alinitazama mikono kabla ya uso.

"Kata kucha, Mama Riziki," alisema. "Halafu unionyeshe namna unatandika kitanda chenye mugonjwa ndani."

Kitanda kitupu nilikiweza. Chenye mtu, nilimsukuma yule mgonjwa kama gunia la mihogo. Mkuu wa sale akanionyesha: unamgeuza upande mmoja, unakunja shuka chafu hadi mgongoni kwake, unatandika safi, kisha unamgeuza upande wa pili. Macho yalielewa. Mikono ilikataa.

Mwaka wa mwisho ulikuja na jury. Watahini kutoka nje wanakaa mbele yako, unaokota kikaratasi, na kikaratasi kinakupa mgonjwa. Unaandika mpango wa huduma, yaani shida zake, utakachofanya na sababu yake, kisha unatenda huku wakikutazama. Bila jury hakuna diploma, na bila diploma huandikishwi kuwa muuguzi.

Mume wangu, Bahati, alikuwa akifanya biashara Kamanyola. Ndugu zake walikutana nyumbani wakaamua: nikianguka mtihani, masomo yaishe, nirudi shambani. Mama yake alikuwepo akisikiliza. Walipoondoka alinikuta jikoni nikikariri.

"Weye unasemaka peke yako kila siku. Unatafuta nini?"

"Ninatafuta mugonjwa, mama. Kitabu ninakijua, lakini mikono bado."

Akabeba beseni la maji ya moto hadi chumbani, akalala kitandani pake, akajifunika kitenge. "Minye niko hapa. Uniuguze."

Nilisimama mlangoni. Mkamwana kumwosha mama wa mumewe! Niliona haya hata kusogea.

"Haya iko ya kazi gani?" akaniita. "Kuja, maji itapoa."

Basi nikamwosha, nikampima mapigo ya moyo, nikamfunga bandeji mpaka vitambaa vikaisha. Alikuwa mgonjwa mkali. "Umenigeuza bila kuniambia. Ningekuwa mugonjwa kweli, ningekupiga kofi." Nikajifunza kusema kwanza: mama, sasa ninakugeuza upande wa ukuta.

Siku ya jury kikaratasi kilinipa bibi mmoja aliyedhoofishwa na homa ndefu. Asubuhi hiyo alikuwa amewafukuza wote waliotaka kumgusa. Watahini walikuwa wameshika kalamu. Nilipiga magoti, nikamwita kama bibi yangu mwenyewe: "Koko, ninaomba ruhusa. Nitakuosha na kukugeuza. Nitaanza na mkono huu."

Hakuutoa. Nikaona shamba la muhogo likiningoja.

"Weye ni wa kwa nani?" akauliza.

"Minye ni mukamwana wa Mama Bahati, wa Makobola."

Akanipima kwa macho. "Haya, huyo ninamujua. Geuza."

Mtahini akauliza kwa nini mgonjwa wa namna hii ageuzwe mara kwa mara. Nikajibu: ngozi inayokandamizwa hukosa damu ikafa, ndiyo eskari, kidonda cha kulala. Mikono yangu iliendelea na kazi bila kuningoja.

Matokeo yalipotoka, mama mkwe alipiga vigelegele mbele ya ndugu walewale. "Mumuambie Bahati tumeshinda," alisema, "minye na muke wake."

Nilipelekwa kwanza kituo cha afya cha Makobola, chini ya titileri, muuguzi mkuu wa kituo, aliyenitaka nitaje kwa sauti kila kipimo cha dawa kabla ya kuvuta sindano. Nilimnung'unikia wakati ule, leo ninamwombea. Baadaye nikapanda milima ya Lemera, nikabeba chanjo kwa njia za miguu, na wafugaji wakanipa maziwa kabla hawajaniuliza jina. Mwisho nikarudishwa mjini kusimamia wanafunzi wa staji, hadi nilipostaafu.

Wanafunzi bado wanakuja kuniuliza maswali gani yatatoka. Sijui, na sikuwahi kujua. Ninawaambia wasome yote, kisha watafute mtu wa nyumbani atakayewavumilia, kwa maana hakuna muuguzi aliyejiandaa peke yake.

Juzi msichana mmoja alilalamika: "Mama, minye niko na bwana yangu tu, na yeye anachekaka kila mara nikimugusa."

"Umuoshe hivyo hivyo," nikamwambia. "Atachoka kucheka, na weye utakuwa umejua."