Siku Ofisi Nzima Ilipokuja Kutoa Pole

Nikimsikia mtu hapa Gisenyi akimsifu Vénuste kwamba ni mwanaume wa maendeleo, eti kamsomesha mkewe mpaka akawa mwalimu, nabeba beseni langu la dagaa wa sambaza nahamia kivuli kingine. Siwezi kuvumilia. Juzi wamemsifu tena harusini, naye akainamisha macho kwa unyenyekevu, akatabasamu. Mimi nilikuwa pale miaka miwili iliyopita, nyumbani kwake, nikimiminia watu chai. Nilichokiona sijakisikia kikisimuliwa na mtu yeyote, basi nitakisimulia mwenyewe.

Naitwa Saidati. Wazazi wangu walikimbilia Bukoba, nami nikazaliwa huko, nikarudi baada ya vita. Pascasie, mke wa Vénuste, ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Yeye na watu wa mumewe walirudi wakitoka Masisi, upande wa Kongo. Urafiki wetu uliota kwenye Kiswahili: yeye akikicheka changu kwamba ni cha redioni, mimi nikikicheka chake kwamba kimekatwa miguu.

Masisi alitolewa shule akiwa kidato cha tatu, akaozwa. Hapa, kwa kuwa Kifaransa chake kilikuwa kizuri, alipata kazi ya kupiga chapa kwenye shirika moja la misaada, karibu na ziwa, njia ya kwenda Grande Barrière, mpakani. Kazi safi, meza, kiti. Aliichukia. "Saidati, mi napiga majina ya watu wa mablanketi siku nzima," aliniambia. Kilichomkaa rohoni ni watoto. Alipopanda gari la shirika kwenda Nyakiriba kugawa msaada, aliwakuta wa miaka kumi na miwili, kumi na minne, hawajui hata kushika kalamu, maana miaka yote ile ya kukimbia na kusikia risasi shule zilikuwa zimefungwa. Akirudi hali chakula. Alitaka kuwafundisha wale. Si watoto wengine, wale.

Basi mwaka huo wa tisini na nane ofisi ikaletewa kompyuta inayotuma barua kwa waya wa simu. Mimi sikuamini mpaka akanipeleka nikaisikia inavyolia ikiunganishwa. Kulikuwa na chuo kimoja cha Ulaya kinachofundisha ualimu watu wazima kwa njia hiyo: masomo yanaingia kwenye mashine, unasoma, unaandika majibu, unayarudisha. Mkuu wa ofisi, Munyaneza, mtu mpole, akamruhusu kuitumia kabla ya saa za kazi. Mwaka mzima Pascasie alitoka nyumbani alfajiri, akasoma, akapiga chapa, akarudi akapika.

Na hapo kwenye kupika ongeza baba mkwe. Mzee Habineza alikuwa kitandani mwaka huo wote. Nani alimwosha? Pascasie. Nani alimlisha uji kwa kijiko, akafua mashuka? Pascasie. Watoto wake wa kiume, Vénuste na kaka yake Karenzi, walisimama mlangoni Jumapili wakitoka kanisani, wakauliza, "Mzee, umeamukaje?" wakaondoka kabla hajamaliza kujibu. Kuhusu masomo, Vénuste, ambaye ni karani wa komini, yaani serikali ya mtaa, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Bon, ujaribu," kisha kila chakula kikichelewa akashusha pumzi ili wote tumsikie, mpaka mimi ng'ambo ya ukuta.

Mtihani wa mwisho ulipangwa Ijumaa moja ya Desemba. Maswali yangeingia asubuhi, majibu yawe yamefika chuoni saa sita mchana. Ukikosa, unaanza mwaka upya. Hilo alilijua tangu mwanzo.

Jumatatu ya wiki hiyo mzee akafa.

Kwetu mtu akizikwa, watu hawatawanyiki. Kilio hukaa karibu wiki nzima: moto uani, majirani kwenye mabenchi, jembe haliendi shambani, na wake wa nyumba hawatoki. Desturi nzuri, mimi siikatai, imetushika mikono wengi. Lakini ilishika mikono ya nani? Jumatano Vénuste alivaa koti akaenda komini kupiga mihuri. Nikamuuliza, akaniambia, "Serikali haina kilio, dada." Karenzi akaenda kufungua duka. Hakuna aliyetikisa kichwa. Hiyo ni kazi. Mwanamke akienda kufanya mtihani, ah, huyo hana moyo.

Ijumaa asubuhi Pascasie alinivuta nyuma ya jiko. Nilimwuliza kama amemwomba mumewe ruhusa. "Nikiomba, atasema hapana," akasema. "Nisipoomba, hajasema." Nikamuuliza kama amemkumbusha Munyaneza. Akanitazama kwa mshangao. Mtu amezikwa Jumanne, aanzeje kumtajia mkuu wake habari za mtihani? Angeonekanaje? Ofisi ingekuwa wazi, angeingia kama kila siku. Akajifunika kitenge kichwani, akapita upenyo wa migomba. Mimi nikashika birika na uongo: anaumwa kichwa, amelala.

Jua lilikuwa limepanda vizuri, Vénuste na Karenzi siku hiyo wako uani na wazee, gari la shirika liliposimama mbele ya nyumba. Wakashuka wote. Munyaneza na suti, mhasibu, madereva, mpishi, na kreti za fanta na bia. Wamefunga ofisi. Maana na hiyo ni desturi: mfanyakazi akifiwa, kazini kwake huja kwa umoja wao, asibaki hata mmoja ila mlinzi, ili aone anathaminiwa. Munyaneza akatoa hotuba ndefu ya pole, kisha akaangaza macho kumtafuta Pascasie, ambaye wengi humwita kwa jina la mwanawe. "Mama Nshuti iko wapi?"

"Amelala," nikasema. "Kichwa."

Mama mkwe, bibi Kampire, akaanza kuinuka akamwamshe. Hakufika mlangoni. Pascasie akaingia kwa njia ya mbele, mbele za watu wote, vumbi hadi magotini, kitenge kimemshuka mabegani. Mlinzi wa ofisi alikuwa amemwambia getini: wote wameenda kwako, mama, patron ameondoka na ufunguo.

Hakuketi. Akapita katikati ya mabenchi mpaka kwa Munyaneza, akapiga goti moja kumsalimu kwa mikono miwili.

"Patron, asante kwa kuja. Naomba ufunguo. Leo ni examen yangu."

Munyaneza akashika mfuko wa koti, uso umemwiva kwa aibu. "Mi nilizani hautakuja, Mama Nshuti. Uko kwa kilio."

"Iko mpaka saa sita. Nikienda sasa, nitafika."

"Leo?" akasema Karenzi. "Udongo wa mzee haujakauka, we unaenda kucheza na mashine?"

Hapo Pascasie akageuka. Sijawahi kumsikia na sauti ile. "Huyu mzee nilimuosha mi. Nilimulilia akiwa muzima, wakati nyinyi mulikuwa munasimama pale mulangoni. Nimemaliza kulia. Munipe ruhusa niende."

Nilitaka kupiga makofi. Watu wakatazama miguu yao. Na Munyaneza, Mungu amsamehe maana mimi bado, akautoa ufunguo. Aliutoa kweli. Mkono wa Pascasie ulikuwa umenyooka mbele yake. Akaupita. Akamkabidhi Vénuste, kwa heshima, kwa mikono miwili. "Donc, wewe ndiye mwenye nyumba," akasema. "Mutaelewana ninyi wawili."

Vénuste akaupokea. Akamtazama mkewe, akawatazama wazee waliokaa karibu na moto, akaona wote wanamngojea yeye. Akautia mfukoni.

"Keti, Mama Nshuti," akasema, taratibu, kama mtu mwenye huruma. "Watu wamekuja kwa sababu yako."

Nikasema, "Vénuste, mpe mkeo ufunguo." Nikasema tena, kwa nguvu. Bibi mmoja akanishika kiwiko akaniambia hiki si kilio changu. Chupa zikaanza kufunguliwa. Kila mtu akawa mwepesi ghafla, akaomba glasi, akasifu hotuba.

Pascasie alibaki amesimama muda. Mhasibu aliyekaa benchi la mbele alikuwa na saa kubwa mkononi, na nilimwona Pascasie akiitazama ile saa, anaondoa macho, anairudia. Hakuomba tena. Kengele ya adhuhuri ya kanisa ilipolia, akaketi mkekani katikati ya wanawake na kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, akipiga ardhi kwa viganja, kilio ambacho sijakisikia hata kwa mwenye kuzika mtoto. Nikamkumbatia kwa nyuma.

Wanawake wakasogea, wakamwekea mikono mgongoni. Bibi Kampire akafuta machozi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Sasa," akasema, "sasa ndiyo anamulilia mzee vizuri."